Handaki la tramu chini ya mji wa kale

SWALI: Ndugu Mhariri, nasikia miji mingi ya kale ya Ulaya imeziteremsha tramu zake, yaani treni ndogo za mitaani, chini ya ardhi ili barabara za juu ziachiwe waenda kwa miguu. Je, handaki la namna hiyo lingeweza kuchimbwa hapa Dar es Salaam, kutoka Kivukoni hadi Mnazi Mmoja, bila kuyaangusha majengo yetu ya kale? Msomaji, Upanga.

JIBU: Ndugu msomaji, linawezekana, ila swali la kwanza ni namna ya kuyazuia maji yaliyo ardhini, na nani atakayeikagua kazi hiyo.

Mji wa Cologne nchini Ujerumani, ulioanzishwa na Warumi kando ya mto Rhine, ulianza mwaka 2004 kujenga njia ya reli ya mjini chini ya ardhi. Mwaka huohuo mnara wa kanisa la St. Johann Baptist uliinama, ikabidi unyooshwe. Balaa kubwa zaidi lilitokea kwenye shimo la wazi la njia hiyo, mahali paitwapo Waidmarkt. Shimo kama hilo huzungushiwa kwanza kuta za zege: mafundi huchimba mtaro mwembamba wenye kina kirefu, huteremsha nondo, humwaga zege, na ndipo udongo wa katikati huondolewa. Wachunguzi walibaini kwamba katika kipande kimoja cha ukuta wachimbaji walikumbana na jiwe ambalo halikuondolewa, kwa hiyo zege haikujaa na pakabaki pengo. Tarehe 3 Machi 2009 maji yalipenya hapo yakisomba mchanga na changarawe, na jengo la nyaraka za kihistoria za mji likaporomoka. Waliokuwa ndani waliokoka kwa kuwa mafundi waliwahi kuwaonya, lakini vijana wawili wa nyumba za jirani walifariki, na kumbukumbu za zaidi ya miaka elfu moja zikafukiwa kifusini.

Kivukoni iko ukingoni mwa bandari, penye mchanga na maji yasiyo mbali. Boma la Kale, la enzi za Sultani Majid katika miaka ya 1860, limejengwa kwa mawe ya matumbawe, na kuta za aina hiyo hupasuka upesi msingi ukititia upande mmoja. Kwa hiyo kila jengo lingepaswa kufungwa vipimo kabla ya kazi kuanza, na wakaguzi wasiolipwa na mkandarasi wapewe mamlaka ya kuisimamisha.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, kwa kuwa mabasi ya mwendokasi yanafika Kivukoni tangu mwaka 2016, ni busara kwanza kuyapunguza magari binafsi katikati ya mji na kuwapa waenda kwa miguu njia pana zenye kivuli.