Ubeti Uliokatika Kila Nilipopiga Simu

Mhariri,

Swali lenu la juma hili linatutaka tutaje wimbo, filamu au kipindi cha redio kilichowahi kutupa tumaini la Kikristo tukiwa nje ya ibada. Nililisoma asubuhi, nikaliweka jarida kando, kisha nikalirudia jioni kwa sababu lilikuwa limenichoma mahali. Ninyi mmekwisha kukubali kwamba tumaini hilo limo katika vitu hivyo, ilhali mimi kwa miaka mingi nimekuwa nikijiuliza jambo linalotangulia hapo, yaani ni nani aliyetoa ruhusa jina la Bwana ligeuzwe kuwa bidhaa.

Ninaishi Makambako, pale ambapo barabara ya Songea inaachana na ile ya Mbeya, na mtu akikaa njia panda kwa saa moja atasoma mahubiri ya kumtosha juma zima. Lori la mbao litapita likiwa limeandikwa kwamba damu ya Yesu inatosha, huku dereva wake akimtukana kijana wa bodaboda. Basi la Dar es Salaam litaondoka na video ya kwaya, abiria wakitikisa vichwa, na kabla halijafika Mafinga konda atakuwa amekwisha kuitoa na kuweka filamu ya watu wanaoibiana waume. Amri ya Kutoka 20:7, inayotukataza kulitaja bure jina la Bwana, ndiyo niliyokuwa nikiwasomea wote waliotaka kunisikiliza, na wengine ambao hawakutaka.

Mwinjilisti wa mtaa wetu alikuwa akinijibu kwa Wafilipi 1:18, ambapo Paulo anafurahi kwamba Kristo anahubiriwa, iwe kwa unafiki au kwa kweli. Nami nilimwambia kwamba Paulo aliyaandika hayo akiwa kifungoni, wala hakuwa akimkata mtu salio.

Neno hilo la salio lina kisa chake. Mwezi Machi 2018 mama yetu alishikwa na tatizo la kupumua, akapewa rufaa kwenda hospitali moja jijini Mbeya. Kaka yangu mkubwa alimsindikiza, nami nikabaki nyumbani kutafuta fedha, kwa kuwa nilikuwa na magunia ya mahindi ambayo mnunuzi aliahidi kuyachukua kesho yake. Saa tatu usiku kaka alinitumia ujumbe wa maneno manne tu: Mama amebadilika, tuombe sana. Nilimpigia pale pale, na simu yake haikupokelewa.

Badala ya ule mlio wa kawaida nilisikia kwaya. Ilikuwa ikiimba Yesu Kwetu ni Rafiki, wimbo ambao nadhani sijawahi kuukosa katika msiba wowote tangu utoto wangu, ila kinanda chake kilipigwa kwa haraka kana kwamba mpigaji alikuwa na gari la kuwahi. Ubeti wa kwanza uliisha, kinanda kikacheza peke yake kidogo, waimbaji wakavuta pumzi ili waingie ubeti wa pili, na hapo ndipo sauti ya yule mwanamke wa mtandao ilipokatiza na kunieleza kwamba namba ninayopiga haipokelewi. Nilipiga tena, na kwaya ikaanza upya. Ilikatika palepale, kwenye ile pumzi. Nilihesabu hadi mara 19, kisha nikaacha kuhesabu.

Kila aliyelelewa na Tenzi za Rohoni anajua kwamba ubeti wa pili ndio unaomgeukia mwimbaji na kumuuliza kama ana dhiki. Huo ndio niliokuwa nikinyimwa. Ninakiri kwamba ilifika saa hasira yangu haikuwa tena juu ya kaka asiyepokea, wala juu ya ugonjwa, bali juu ya kukatika kule, jambo ambalo nikilifikiri sasa naliona la kijinga. Mvua ilikuwa ikinyesha na baridi yetu ya Machi mnaijua. Nilikuwa nimeketi ukingoni mwa kitanda, blanketi mabegani, nami katika hali hiyo nikaumalizia ubeti ule mwenyewe kwa sauti ya chini, simu ikiwa bado mkononi. Mke wangu aliamka. Hakuuliza kitu, aliingia tu kwa sauti ya pili kama afanyavyo kwaya ya akina mama. Tulipomaliza nilipiga tena, na tokea hapo tukawa tunapokezana, simu ikiimba ubeti wa kwanza na sisi ule wa pili, mpaka betri ikabaki kidogo sana nikaogopa kuimaliza. Sitasema kwamba nilipata amani. Nilikuwa na hofu ile ile niliyoanza nayo, lakini nilikuwa nimepata namna ya kukesha nayo.

Kaka alipiga mwenyewe saa kumi na moja alfajiri. Muuguzi alikuwa amewaambia wazime milio, naye akaitia simu katika mfuko wa koti na kulisahau koti lenyewe kwenye benchi la nje. Mama alikuwa amewekewa oksijeni na amelala. Aliishi nasi hadi mwaka 2021.

Miezi kama miwili baadaye, tukiwa kwa mama, nilimsifu kaka kwa kuchagua wimbo ule. Alinitazama kama mtu anayezungumziwa habari za jirani. Hakuujua. Baada ya kuulizana sana alikumbuka kwamba siku moja alikuwa akimpigia mtu anayemdai, akasikia sauti ikimwambia abonyeze nyota kama anautaka wimbo ule uwe wa simu yake, naye ama kidole ama shavu lake likabonyeza. "Kumbe ndio huo unaonilia hela!" alisema, na siku hiyo hiyo akamwagiza mwanawe auondoe.

Nimesoma baadaye kwamba maneno ya wimbo huo yaliandikwa mwaka 1855 na Joseph Scriven, mtu wa Ireland aliyehamia Kanada, ili kumfariji mama yake aliyekuwa amebaki kwao, na kwamba sauti tunayoiimba ilitungwa na Charles Converse, Mmarekani, mwaka 1868. Habari hiyo ya mwana aliye mbali na mama yake niliirudia mara mbili kabla sijafunga kitabu.

Nilianza barua hii nikikusudia kuwaambia kwamba swali lenu halifai, na sasa sina hakika kama nimelijibu au nimelikataa. Kumkata mtu fedha kwa jambo ambalo hakulitaka bado nakuita wizi, hata kama mkataji ameweka kwaya mlangoni. Aliyeuuza wimbo ule hakuwa na habari za mama yangu. Hata hivyo siwezi kusema kwamba haukunifikia, wala siwezi kusema kwamba ulinifikia kwa bahati tu, kwa maana hapo nitakuwa nimekana usiku mzima. Ningependa pia msomaji ajue kwamba lau mama angefariki alfajiri ile, huenda leo ningekuwa nauchukia wimbo huo na kutoka nje ya kanisa ukianzwa. Kwa hiyo, mkitaka jina la kuweka katika orodha yenu, andikeni Yesu Kwetu ni Rafiki, ubeti wa kwanza na pumzi ya wa pili, kwaya sikuitambua. Msiandike kwamba ninaunga mkono video za mabasini, maana yule konda wa Mafinga sijamsamehe.

Kaka alipouondoa wimbo wake, niliuweka katika simu yangu, kwa fedha yangu na kwa hiari, na mwinjilisti amecheka vya kutosha. Jambo ambalo sikuwa nimelifikiria ni kwamba mwenye simu hausikii wimbo wake mwenyewe, huusikia wale wanaompigia. Kwa sababu hiyo mara mojamoja, usiku, huichukua simu ya mke wangu na kujipigia. Bado unakatika palepale.

Msomaji wenu, Makambako