Maswali na Majibu: Tabia za Kila Siku na Magonjwa Sugu

Safari hii barua nyingi zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: mtu akibadili mwenendo wake, ugonjwa unakwepeka kweli, au tunapeana moyo tu? Nimechagua chache.

Baba ana kisukari, shangazi alifariki nacho. Nimepima, nikaambiwa sukari yangu imepanda ingawa haijafikia kisukari. Kama ni ugonjwa wa ukoo, nihangaike ya nini?

Hangaika, tena sasa hivi, kwa sababu uko mahali ambapo juhudi inalipa kuliko popote. Marekani walichukua watu 3,234 wenye hali kama yako, wakawagawa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipewa metformini, dawa ya kisukari, jingine vidonge visivyo na dawa, na la tatu likafundishwa kubadili mwenendo: kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea kwa haraka, au zoezi linalolingana na hilo, dakika 150 kwa wiki. Matokeo yalitoka mwaka 2002. Ikilinganishwa na vidonge visivyo na dawa, metformini ilipunguza visa vipya vya kisukari kwa asilimia 31. Mwenendo ulipunguza kwa asilimia 58. Ufini walikuwa wamepata asilimia 58 hiyohiyo mwaka uliotangulia, kwa watu 522.

Kuhusu ukoo: watafiti wa Marekani walirudi kupima jeni za washiriki, na hata waliorithi jeni inayoongeza sana hatari ya kisukari walinufaika na mabadiliko ya mwenendo.

Sasa sikiliza sehemu ambayo watu huiruka. Yale makundi mawili ya vidonge nayo yalishauriwa kula vizuri na kufanya mazoezi. Walipewa maandishi, na mara moja kwa mwaka wakakaa na mshauri kwa dakika 20 hadi 30. Ndio ushauri ambao wengi wetu tunaupata, pengine hata zaidi ya tunaoupata. Kundi la mwenendo lilipata kitu kingine kabisa. Kila mtu alikuwa na mwalimu wake, wakapitia masomo 16 ana kwa ana katika miezi sita hivi ya mwanzo. Mtu aliandika alichokula, akapima uzito, akaeleza alipokwama, wakatafuta njia pamoja. Kulikuwa na somo zima la namna ya kurudi kwenye mstari baada ya kuteleza. Kwa hiyo ukiambiwa "punguza uzito" kisha ukaruhusiwa kwenda nyumbani, hujapewa tiba iliyothibitishwa na utafiti huu. Uliza kama kuna mtu wa kukufuatilia. Kama hayupo, tafuta mwenzako mwenye shida hiyohiyo, mkutane kila wiki mkiwa na madaftari yenu.

Nilisikia siku 21 zinatosha kujenga tabia. Nimetembea kila asubuhi mwezi mzima na bado najilazimisha. Nina kasoro gani?

Huna kasoro yoyote. Watafiti wa London waliochapisha kazi yao mwaka 2010 waliwafuatilia watu 96, kila mmoja akiwa amechagua jambo moja dogo la kufanya kila siku, kama kunywa maji au kula tunda wakati wa mlo. Mtu wa katikati alihitaji siku 66 hivi kabla jambo hilo halijawa la kujiendea lenyewe. Aliyewahi zaidi alitumia siku 18, na wa mwisho alikadiriwa kuhitaji 254. Mazoezi yalichelewa kuliko kunywa maji, jambo linaloeleweka. Na kuruka siku moja hakukuharibu kitu, kwa hiyo usijihukumu kwa siku hiyo.

Kinachosaidia ni kulifunga jambo jipya kwenye jambo ambalo tayari unalifanya bila kufikiri: nikishapiga mswaki, navaa viatu, natoka.

Nimepita miaka 50, nimevuta sigara tangu ujana. Si nimeshachelewa?

Hapana. Madaktari wa Uingereza walifuatiliwa kuanzia mwaka 1951 kwa miaka 50. Waliovuta bila kuacha walipoteza takriban miaka 10 ya maisha. Walioacha wakiwa na miaka 50 waliokoa karibu miaka 6, na hata walioacha wakiwa na 60 waliokoa mitatu. Acha, na uombe msaada wa ushauri na dawa, maana wanaoacha peke yao kwa jaribio la kwanza ni wachache.

Mimi ni mtu wa hasira na haraka. Ni kweli tabia hii huleta ugonjwa wa moyo?

Wazo hilo lilienezwa na madaktari wawili wa Marekani, Friedman na Rosenman, mwishoni mwa miaka ya 1950. Tafiti nyingi zilizofuata hazikulithibitisha, na nyaraka zilizofichuliwa baadaye zilionyesha kwamba makampuni ya sigara yalifadhili sehemu ya utafiti huo. Yalipenda lawama iangukie tabia ya mtu, sigara isalimike. Hilo linaniudhi hadi leo.

Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, ni habari nyingine: wenye sonona baada ya mshtuko wa moyo huwa na hali mbaya zaidi. Hata hivyo, utafiti mkubwa wa mwaka 2003 uliwatibu wagonjwa wa namna hiyo, sonona ikapungua, lakini vifo havikupungua. Itibiwe tu, kwa sababu yenyewe ni mateso ya kutosha.

Mume wangu ana presha. Kila siku tunagombana kuhusu vidonge. Anasema anajisikia mzima.

Dada yangu, anasema kweli: presha mara nyingi haiumi popote, na ndiyo maana inaua. Lakini kugombana humfanya atetee msimamo wake. Mtaalamu wa saikolojia William Miller, akianzia kwa walevi mwaka 1983, alionyesha njia nyingine: muulize mtu sababu zake mwenyewe, kisha unyamaze usikilize. Muulize mkiwa wawili tu, bila hasira, ni nini hasa hakipendi katika dawa hizo. Pengine zinampeleka chooni usiku kucha. Pengine zimempunguzia nguvu za kiume na anaona haya kukwambia, maana baadhi ya dawa za presha huweza kufanya hivyo. Yote mawili daktari anaweza kuyashughulikia kwa kubadili dawa au saa ya kumeza. Mwombe tu asiache ghafla kabla hawajaonana.