Plagini imetelekezwa, naruhusiwa kuirekebisha?

SWALI: Fundi shikamoo. Nauza vitenge mtandaoni, duka langu ni la WordPress (programu ya kutengenezea tovuti) na nilikuwa natumia plagini, yaani kiprogramu cha kuongezea, ya bure ya kupiga hesabu ya nauli ya mzigo wa basi kwenda mikoani. Aliyeitengeneza kapotea huu mwaka wa nne, meseji hajibu. Juzi wenye hosti, wanaonitunzia tovuti, wakanipandisha PHP 8 (toleo jipya la lugha inayoendesha WordPress), duka likawa jeupe pee mpaka nilipoizima. Mwanangu anasema anaiweza ila anaogopa hakimiliki. Na akiirekebisha tunaweza kuwagawia wengine? Dada wa vitenge, Tanga

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole. Kutelekezwa siyo kuwa shamba la bibi. Hakimiliki ni ya aliyeitengeneza tangu alipoiandika, hata kama hajasajili popote, na kwa sheria ya Tanzania inadumu mpaka miaka 50 baada ya kufa kwake, sasa ukisema usubiri iishe utasubiri na wajukuu.

Kinachokuokoa ni leseni. Kama uliitoa kwenye saraka ya WordPress.org (orodha yao ya plagini) basi lazima iwe na GPL, leseni ya programu huria, au inayoendana nayo, na GPL inakuruhusu kutumia, kubadilisha, kugawa, hata kuuza ukitaka, ili mradi jina lake la mwenye hakimiliki msilifute, mseme mmebadilisha nini na lini, na anayepokea kwenu apate ruhusa hizohizo. Mwanao afungue faili ya maelezo iitwayo readme aangalie mstari wa leseni. Ila kama ulirushiwa tu WhatsApp na haina leseni yoyote, hapo mtafuteni mwenyewe, maana kodi (maandishi ya programu) kuonekana siyo ruhusa ya kuigawa.

Sapoti humdai mtu, GPL yenyewe inasema haina dhamana (na mwanao naye akishaitoa ajiandae, watu watamuuliza mpaka usiku wa manane). Kama anataka kuichukua palepale kwenye saraka, aitengeneze kwanza halafu aombe timu ya plagini, wataangalia kodi yake na kama kweli mlimtafuta mwenyewe. Wakikataa, aitoe kwa jina jipya.

Kuhusu ule weupe, aanze kutafuta ndani ya kodi amri za zamani create_function na each, hizo PHP 8 imezifuta kabisa. Na folda ya plagini aibadilishe jina hata kama ni ya kwenu wenyewe tu, la sivyo siku yule bwana akizinduka akatoa apdeti, ukibonyeza tu kazi yote ya mtoto imefutika.