Maswali ya Wasomaji: Kibao cha Pembe na Bikira Aliyepinda

SWALI: Shangazi aliniachia vibao viwili vidogo vyeupe vilivyounganishwa kwa bawaba, kimoja kina Kuzaliwa kwa Yesu, kingine Kusulubiwa. Nitajuaje kama ni pembe ya ndovu? Na navisafisha vipi? Pia, mbona sanamu za kale za Bikira Maria hupinda kiunoni?
Msomaji, South B, Nairobi

JIBU: Usianze na uso wa picha. Geuza kibao utazame ukingo wa juu au wa chini, pale pembe ilipokatwa kwa kukingama, ukitumia lenzi ya kukuzia. Pembe ya ndovu huonyesha mistari miwili ya mapinde inayokatana kama msuko wa mkeka. Mfupa hauna msuko huo. Una vitobo vyeusi vidogo. Plastiki huwa na vipovu vya hewa au mshono wa kalibu, na mistari yake imenyooka mno. Usijaribu kupima kwa kuchoma sindano ya moto, alama yake haifutiki.

Kusafisha ni kwa brashi laini, kavu, basi. Maji huingia kwenye pembe, nayo huvimba zaidi upande mmoja kuliko mwingine, hivyo kibao chembamba hupinda au kupasuka kufuata nyuzi zake. Limau na siki ni mbaya zaidi, kwani asidi hula pembe. Kabla ya kupitisha brashi, chungulia mikunjo ya nguo na nywele: vibao vingi vya aina hii vilivyochongwa Paris karne ya 13 na 14 vilipakwa rangi na dhahabu, na hubaki chembechembe humo. Ukiziona, acha. Viweke mbali na jua na jiko.

Vikiwa pembe kweli, sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 yadai kibali cha kumiliki. Zungumza na KWS, shirika la wanyamapori la serikali, kwanza, hata kama huna nia ya kuuza.

Kuhusu Maria: pembe yenyewe imejikunja, na mchongaji hodari aliufuata mkunjo huo. Yule wa kanisa la Sainte-Chapelle, Paris, ambaye sasa yuko katika makumbusho ya Louvre, ana urefu wa sm 41, na mwili wake wote unaelekea upande mmoja na Mtoto mkononi. Lakini sanamu za mawe za wakati ule nazo hupinda, kwa hiyo tusimwachie ndovu sifa yote.

SWALI: Pembe za Paris zilitoka kwetu?
Msomaji, Eastleigh

JIBU: Zilitoka Afrika, kwa sehemu kubwa ndovu wa mbugani. Al-Masudi, msafiri na mwandishi Mwarabu, aliandika katika karne ya 10 kuwa pembe za pwani ya Zanj, yaani Afrika Mashariki, zilipelekwa Oman, kisha India na China. Lakini kwa kutazama tu, huwezi kusema kibao fulani kimetoka Afrika Mashariki au Magharibi.