Msimu mpya: mechi ya kwanza isikudanganye (jibu refu kwa mdau wa Cheyo)

Mwangaluka wakuu.

Mdau wa mtaa wa Cheyo kauliza mambo matatu kuhusu timu yetu ya Tabora kabla ligi haijaanza. Mechi tano za kwanza tutegemee pointi ngapi? Kwa kuwa Tabora United yetu imechukuliwa na Mamlaka ya Mapato (TRA) na tumeshakuwa TRA United, tuanze kuzitamani nafasi nne za juu? Na la mwisho, apande basi aifuate timu kwenye mechi ya ufunguzi ugenini au abaki? Majibu aliyopata mpaka sasa ni ya mizuka tu. Mmoja kamwambia pointi 15 kati ya 15, mwingine kamwambia tunashuka kabla ya Krismasi. Mimi ni mtu wa Ng'ambo, mpira wa pale uwanja wa Ali Hassan Mwinyi naufuatilia tangu nikiwa sekondari, ngoja nichangie kwa niliyoyaona.

Kwanza tuiweke pembeni mechi ya ufunguzi. Mji huu umefunguliwa misimu kwa namna tatu tofauti kabisa, na mara zote tatu matokeo ya siku ile hayakufanana na mwisho wa msimu.

Anza na 2013. Rhino Rangers, timu ya wanajeshi, imepanda Ligi Kuu, na ratiba ikawaleta Simba hapa hapa Tabora mechi ya kwanza kabisa, Agosti 24. Ikaisha 2-2. Nyie wa juzi hamuwezi kuelewa mji ulivyokuwa jioni ile. Pikipiki zinapiga honi kutoka uwanjani mpaka Soko Kuu, wazee wanaoshinda kwenye bao wameacha bao, kila mtu kawa kocha. Kijiweni kwetu tulikuwa tumeshamaliza ligi: kama Simba katoka sare hapa, nani mwingine atatoka salama? Msimu ulipoisha Rhino wakashuka daraja pamoja na JKT Oljoro na Ashanti United. Kwa herini.

Kilichotokea pale kinaitwa kukamia, na ndio ugonjwa mkubwa wa timu za mikoani. Mchezaji anajua siku ya Simba au Yanga nchi nzima inamtazama, anacheza kufa na kupona, anaumia, anapata kadi, kisha Jumamosi inayofuata anakuja Mgambo au Ruvu Shooting, mechi isiyo na kelele, na yeye miguu haina kitu. Ligi ile ilikuwa ya timu 14, kwa hiyo mechi 26. Simba na Yanga ukizijumlisha ni mechi nne. Hata ungezipata pointi zote za wakubwa hao, ni 12, na kwa 12 hubaki Ligi Kuu. Zile 22 zilizobaki ndizo zinazoamua, na ndizo mashabiki tusizozijazia uwanja.

Sasa njoo 2023. Timu imepanda kwa jina la Kitayosce, ambalo baadaye likawa Tabora United. Ufunguzi ni ugenini kwa Azam, Chamazi, Agosti 16. Wengi wenu mnakumbuka. Timu ilikuwa imefungiwa usajili, wachezaji wapya hawana leseni, wakaingia uwanjani wanane. Wanane! Hata dakika 20 hazijafika ni 4-0, Feisal Salum peke yake kaweka tatu, wetu wakaanza kuumia, na idadi iliposhuka chini ya saba mwamuzi akamaliza mchezo kama sheria inavyotaka. Tulikuwa tumekaa kibandani mbele ya runinga, chai haijapoa, mechi imeisha. Jamaa mmoja akauliza kama na sisi tunarudishiwa nusu ya kiingilio cha kibanda. Nchi nzima ilicheka, na mtandaoni walitufanya sabuni ya kufulia wiki nzima. Timu ile ile ikapata leseni zake, ikahangaika msimu mzima mkiani, ikaingia kwenye mechi za mchujo, ikabaki Ligi Kuu.

Aliyeanza kwa sare na Simba kashuka. Aliyeanza kwa aibu kabaki.

Ya tatu ni Agosti 18, 2024. Tunafungua kwa Simba, uwanja wa KMC Complex, tunapigwa 3-0. Kama ungeuliza siku ile tutegemee nini, humu ndani ungesikia maneno ya msibani. Novemba 7 tukaenda Azam Complex, pale pale Chamazi, safari hii wenyeji ni Yanga, bingwa mtetezi, tukawafunga 3-1, Offen Chikola akitupia mawili. Ilikuwa ni mara ya pili mfululizo Yanga kupoteza, na haikuchukua muda wakaachana na kocha Gamondi. Msimu ukaisha tuko nafasi ya tano. Lakini hata hapo msijisahau, maana duru la pili Simba alikuja hapa nyumbani akatupiga 3-0, na Yanga naye akaja akafanya hivyo hivyo. Nafasi ya tano haikutokana na kuwafunga wakubwa kila siku. Ilitokana na pointi za watu wa saizi yetu.

Kwa hiyo mdau, ukiniuliza mechi ya kwanza inapima nini, nitakwambia inapima ofisi. Haipimi timu. Agosti ndio unajua kama leseni zimetoka, kama madeni ya makocha na wachezaji wa zamani yamelipwa, kama hati za uhamisho za wageni zimefika na vibali vyao vya kazi viko tayari, kama timu ilisafiri mapema au imefika usiku wa kuamkia mechi. Ile ya wanane haikupotezwa na beki wala kipa. Ilipotezwa kabla hawajavaa viatu. Ndio maana kila Julai watu wakibishana winga mpya anatoka Kongo au Ghana, mimi nauliza swali la kizee: ameshapata leseni? Picha ya mchezaji kashika jezi haichezi mpira.

Jambo la pili la kuangalia ni nani kaondoka, na hili tunalipuuza sana kwa sababu kutambulishwa mchezaji mpya kuna muziki, kuondoka hakuna. Chikola yule yule aliyewafunga Yanga, dirisha kubwa la usajili lililofuata Yanga hao hao wakamchukua. Simlaumu hata kidogo, kijana ana maisha yake. Ila ndio hali ya timu za mikoani: ukifanya vizuri unavunwa. Kila Agosti unaanza na nusu ya kikosi ambacho hakijuani, kocha anasema tumpe muda, shabiki anasema muda gani wakati mwaka jana tulikuwa wa tano. Wote wawili wana haki. Mchezaji mpya anajua kucheza, lakini hajui mwenzake akipokea mpira anageukia upande gani, na hilo linafundishwa na mechi. Wanatuita Nyuki wa Tabora, basi tuwe na akili za warina asali wa kwetu: mzinga uliotundikwa leo huufuati kesho na ndoo.

Tatu, achana na msimamo wa Septemba. Nawaomba. Simba na Yanga wanaingia mashindano ya Afrika, mechi zao zinasogezwa, viporo vinarundikana, kisha ligi inasimama kupisha timu za taifa. Unakuta sisi tumecheza mechi nne tuko wa tatu, mtu anapiga picha ya skrini anaweka kwenye magrupu ya WhatsApp "Tabora juu", wakati waliopo chini yetu wamecheza moja. Au kinyume chake, tumecheza ugenini mfululizo tuko wa 15, watu wanataka kocha afukuzwe. Msimamo anza kuuamini duru la kwanza likielekea ukingoni.

Haya, pointi. Ligi ni timu 16, mechi 30. Wa 15 na wa 16 wanashuka moja kwa moja, wa 13 na wa 14 wanaenda kwenye mchujo, na mchujo mliuona ulivyo, presha inapanda mpaka kwa wasiopenda mpira. Hesabu yangu ni ya kijiweni tu: pointi moja kwa kila mechi inakuweka kwenye usalama wa namna fulani, ukizidi hapo unaanza kupumua. Kwa mechi tano za kwanza, chukua ratiba ugawe. Ugenini kwa Azam, Simba, Yanga au Singida Black Stars andika sifuri na ukipata kitu shukuru. Ugenini kwa mwenzetu wa kawaida, andika sare. Nyumbani kwa mwenzetu wa kawaida andika tatu, na hapo sina mjadala. Mashujaa akitoka Kigoma kushuka na reli mpaka hapa, au Tanzania Prisons akikata pori la Chunya, hizo ni pointi za kukusanya. Ukifanya hivyo kwa ratiba ya kawaida utapata sita au saba katika 15. Tukipata tano sitalia. Tukipata tatu kwa sababu tumetoka sare nyumbani mara tatu, hapo ndipo nitaanza kukunja uso, hata kama katika hizo moja ni sare na Yanga.

Kuhusu nafasi nne za juu. Mdau, naelewa hamu yako. Timu kuwa na taasisi nyuma yake kunasaidia, tena sana, ila msaada wenyewe hauonekani Agosti. Unaonekana Januari na Februari, pale timu nyingine zinapoanza kugomea mazoezi kwa sababu ya mishahara na wachezaji wanatafuta pa kutokea dirisha dogo. Timu inayolipa kwa wakati inabaki na kikosi chake. Kwa hiyo kama unataka kupima faida ya mabadiliko haya, subiri mvua zikolee. Nafasi ya nne kwa ligi yetu maana yake umempita mmojawapo kati ya Simba, Yanga, Azam na Singida Black Stars. Inawezekana, sisemi haiwezekani, lakini mimi kwa msimu huu nasema nne hapana. Nafasi kati ya ya tano na ya nane nitaisherehekea, na mwenye kunicheka anicheke.

Naongeza moja ambalo hukuuliza. Matarajio yetu yanaharibiwa pia na sisi wenyewe kuwa na ndoa mbili. Tuseme ukweli, Tabora hii kila mtu ni Simba au Yanga kwanza, timu ya nyumbani baadaye. Siku Yanga wakija pale Mwinyi, jukwaa linajaa njano, vijana wetu wanafungwa kwao na majirani zao wanashangilia. Sitaki kumlazimisha mtu abadili dini, hata mimi nina rangi yangu siitaji. Lakini huwezi kuja kununa kwamba timu imeanza vibaya wakati bao la pili ulilipigia vuvuzela.

La safari. Usipande basi, mkuu. Ufunguzi ugenini ndio mechi yenye mchezaji ambaye leseni imetoka jana na kocha ambaye bado anatafuta kikosi chake cha kwanza. Itazame kibandani. Nauli hiyo iweke kwa mechi ya kwanza ya nyumbani dhidi ya timu ambayo hakuna atakayeenda kuitazama, zile za katikati ya wiki saa kumi jioni. Mfanyie bosi wako mpango wa ruhusa mapema. Uje na watu wawili watatu kutoka Cheyo, na wasiwe wale wanaoondoka dakika ya 70 kuwahi kufungua duka. Tukishakaa jukwaani angalia kitu kimoja tu kwa niaba yangu: tukifunga bao la kwanza, timu inarudi nyuma kulinda au inaenda kutafuta la pili? Uje utuambie humu humu.