Kionyeshe, na vipimo vyake viwepo

Mkuu, umeuliza kama kifaa chako cha kumwagilia mchicha, ulichounda kwa Arduino (bodi ndogo ya kielektroniki inayoendeshwa kwa programu) na pampu ndogo ya volti 12, kinafaa kuonyeshwa wakati boksi lake la mbao bado halijapigwa msasa. Kionyeshe! Anayetaka kutengeneza cha kwake hajali msasa, anataka kuona nyaya zinapita wapi.

Piga picha mchana, boksi likiwa wazi na rula pembeni. Taja aina ya mbao na unene wake. Msimbo wa programu uweke wote pamoja na leseni; ukichagua ya MIT, ambayo ni leseni huria, mtu ataubadilisha bila kukuomba, mradi abakize tangazo lako la hakimiliki na maandishi ya leseni yenyewe.

Ila kihisi cha unyevu ndicho ukieleze kwa kirefu. Vile vya bei rahisi, vyenye vijiti viwili vya chuma, huliwa haraka vikiachwa na umeme muda wote kwenye udongo uliolowa, na vipimo huanza kudanganya. Weka picha ya karibu ya vijiti vyako vilivyochakaa, kisha onyesha kwenye msimbo jinsi ya kuwasha umeme wakati wa kupima tu. Wengi hukwama hapo, wakadhani mchicha ndio wenye tatizo.