Usipige Pasi Bango la Filamu: Majibu kwa Maswali Yenu

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa watu ambao tayari wana bango mkononi na wanataka kulifanyia jambo leo hii hii. Naielewa haraka hiyo. Ila karatasi iliyoishi miaka 60 haitadhurika kwa kusubiri wiki moja, na inaweza kuangamia ndani ya dakika tano za mikono yenye pupa.

Shikamoo fundi. Marehemu babu ametuachia bango la filamu ya Kimarekani ya miaka ya 1950. Limekunjwa kama barua na mikunjo imeacha mistari mibaya. Nikiweka kitambaa juu na kupiga pasi ya moto mdogo, itatoka?

Marahaba mwanangu, na poleni kwa msiba. Pasi iache kabisa. Penye mkunjo nyuzi za karatasi zimevunjika, na joto haliziungi tena, linazikausha tu. Wino ulio juu ya mstari huo huanza kupukutika, na ukishapukutika hakuna wa kuurudisha.

Mikunjo hiyo pia si uzembe wa babu. Mabango ya Marekani yalitoka kiwandani yakiwa yamekunjwa ili yatumwe kwa urahisi kwenye majumba ya sinema, na desturi hiyo ilidumu hadi katikati ya miaka ya 1980, ndipo kuyaviringisha kukawa jambo la kawaida. Bango la miaka ya 1950 likiletwa kwangu bila hata mkunjo mmoja, mimi ndipo ninapoanza kuuliza maswali.

Fanya hivi. Nawa mikono, ikauke vizuri. Likunjue mara moja tu, mezani penye nafasi, ulilaze kati ya karatasi mbili safi zisizo na asidi. Juu yake weka ubao, juu ya ubao vitabu vizito, uliache siku kadhaa. Mistari haitafutika, lakini bango litatulia bapa. Na usiwe unalikunja na kulikunjua kila mgeni anapokuja: matundu huanzia pale mkunjo wa wima unapokutana na wa mlalo, na kila ukilifungua unayapanua.

Nyuma ya bango langu kuna selotepu ya zamani, imekuwa ya rangi ya asali. Naweza kuitoa mwenyewe?

Selotepu ndiyo adui ninayekutana naye kuliko mwingine yeyote, na huwa imewekwa na mtu aliyekuwa na nia njema. Mtu huona mchaniko, hubandika, huridhika. Miaka inapita, plastiki inakauka na kubanduka yenyewe, lakini gundi imeshazama ndani ya karatasi, imeifanya ing'ae kama iliyomwagiwa mafuta, na doa linatokeza upande wa picha.

Kama selotepu ni ya karibuni na bado inanata, ipashe kwa hewa ya kikaushia nywele, joto la chini, kisha uivute taratibu sana ikilala karibu bapa na karatasi. Usiivute kwenda juu, itaondoka na nyuzi. Yako imefika rangi ya asali, hapo nakuomba usimame. Plastiki ikidondoka yenyewe, sawa, iokote. Gundi iliyobaki inahitaji viyeyushi, na kiyeyushi kikipakwa na asiyezoea huisukuma gundi ndani zaidi au huondoka na wino. Hiyo ni kazi ya mtaalamu wa kuhifadhi karatasi.

Mchaniko wenyewe unazibwa kwa karatasi nyembamba ya Kijapani, ile ya nyuzi ndefu za mti wa jamii ya mforsadi, na gundi ya wanga wa ngano. Napenda gundi hiyo kwa sababu moja kubwa: akija fundi mwingine miaka 50 ijayo na kuona nilikosea, atailowesha kidogo na kuiondoa. Kila ninachokiweka kwenye bango la mtu nataka kiwe kinaweza kuondolewa.

Nitajuaje kama bango ni la wakati wa filamu yenyewe au ni nakala ya juzi?

Anza na rula. Bango la kawaida la Marekani lilikuwa na inchi 27 kwa 41 (sm 69 kwa 104), na tangu miaka ya 1980 likapunguzwa hadi 27 kwa 40. La Uingereza lililozoeleka ni la kulala, inchi 30 kwa 40. Bango kubwa la Ufaransa ni sm 120 kwa 160. Ukiuziwa "la mwaka 1948" lenye inchi 24 kwa 36, hicho ni kipimo cha mabango ya kupamba vyumba ya siku hizi.

Kisha tazama pembe ya chini kulia. Kuanzia karibu mwaka 1940 hadi miaka ya 1980, mabango mengi ya Marekani yalisambazwa na kampuni iitwayo National Screen Service, nayo ilichapa namba pale chini. Ukikuta 57/123, basi 57 ni mwaka 1957 na 123 ni namba ya filamu katika orodha ya mwaka huo. Herufi R ikitangulia, bango ni la wakati filamu iliporudishwa kwenye majumba ya sinema: ni halali kabisa, ila si la onyesho la kwanza. Kukosekana kwa namba peke yake hakuthibitishi kitu, na mabango ya nchi nyingine kwa kawaida hayana.

Mwisho chukua lenzi ya kukuzia. Mabango mengi ya kabla ya miaka ya 1940 yalichapwa kwa litografia ya mawe, yaani picha ilichorwa juu ya jiwe kisha ikachapwa kutoka hapo, na rangi zake chini ya lenzi huonekana kama chembe za chaki zilizotapakaa bila mpango. Ukiona vidoti vilivyojipanga kama askari gwaride kwenye bango linalodaiwa kuwa la namna hiyo, umeshikishwa picha ya bango. Ukiona mistari ya mikunjo ambayo kidole hakiihisi, mikunjo hiyo imechapwa pamoja na picha. Hapo rudisha na udai fedha yako.

Wauzaji wengi husema bango "limewekwa kitambaa nyuma". Ni jambo jema au linashusha thamani?

Likifanywa vizuri ni jema, na wakusanyaji wengi hulikubali bila manung'uniko. Bango hupimwa kwanza wino wake, huoshwa, hupunguzwa asidi, kisha hulazwa juu ya karatasi isiyo na asidi iliyokwisha bandikwa kwenye kitambaa cha pamba kilichovutwa. Gundi ni ile ile ya wanga. Linaachwa likauke likiwa limevutika, na hapo ndipo mikunjo inapolala. Baada ya hapo mapengo hujazwa na kupakwa rangi.

Kupima wino si maneno ya mapambo. Nilipokuwa najifunza niliosha bango bila kujaribu kila rangi kwa pamba yenye unyevu pembeni. Nyekundu ilikimbia ikaingia kwenye uso wa mwigizaji, na nilisimama juu ya beseni nisijue la kufanya. Lilikuwa la mtu, na bado linaniuma.

Lakini si kila bango linahitaji kitambaa. Kama lina mikunjo yake tu na vitundu vya pini kwenye pembe, liache. Vitundu hivyo vinaonyesha lilifanya kazi yake ukutani. Kadi nene za maonyesho nazo hazistahili kitambaa. Na anayepaka rangi mpya nusu ya bango, kisha akauza bila kusema, anamdanganya mnunuzi. Omba daima picha zilizopigwa kabla ya matengenezo.

Vipi kuhusu kulitia plastiki ya moto, kama vitambulisho?

Hapana. Haitoki tena.

Tumebomoa ukuta wa mbao tukakuta mabango yamegandana kama mkate. Tuyatupe?

Msitupe hata kipande! Mwaka 2011, Berwick, jimbo la Pennsylvania, rundo la mabango 33 ya miaka ya 1930 liliuzwa kwenye mnada wa vijijini likiwa limegandana kwa gundi ya karatasi za ukutani. Yaliachanishwa polepole, na Machi 2012 yakauzwa na kampuni ya mnada ya Heritage Auctions kwa zaidi ya dola 500,000 kwa jumla. Sisemi yenu yana thamani hiyo. Nasema gundi ya wanga hulegea kwa unyevu, kwa hiyo kilichogandana kinaweza kuachana. Yafungeni kati ya mbao mbili, yasipinde, yakae pakavu, mtafute fundi. Msiingize kisu.

Bango langu nimelitundika mkabala na dirisha, ndani ya fremu ya kioo. Lina shida?

Lina shida mbili. Mwanga hula rangi, nyekundu na njano zikitangulia, na hakuna fundi anayerudisha rangi iliyopauka. Hamishia ukuta usiopigwa na jua, na badala ya kioo uweke akriliki, plastiki angavu, inayochuja miale ya urujuanimno. Hata hiyo hupunguza kasi tu. Pili, karatasi isiguse kioo, kwa sababu jasho la kioo huigandisha picha: weka vipande vya kuitenga pembeni. Kama una mabango matatu unayoyapenda, yapokezane ukutani kwa miezi. Yaliyo zamu ya kupumzika yakae kwenye droo, bapa, gizani, kila moja na karatasi yake ya kulifunika.